Donat Kapya na Njia ya Mkimbiaji

Donat Kapya aliingia kwenye besiboli kwa sababu ya sufuria ya bukari, yaani ugali. Mpira ulitoka uwanjani, ukaruka ukuta wa matofali, ukatua katikati ya chakula cha mkewe Virginie, na bukari yote ya mchana ikamwagika jivuni. Mtu mwingine angetukana kidogo, akaurudisha mpira, akaagiza unga dukani. Donat aliutia mpira mfukoni, akavuka barabara na fulana yake ya Jumapili, akasimama katikati ya uwanja, akatangaza kwamba mpira hautoki mfukoni mwake mpaka aelezwe ni sheria ipi ya mchezo inayomruhusu mtu kumwaga chakula cha jirani.

Mwenye mchezo alikuwa mwalimu mmoja wa Kimarekani wa misheni ya Kiprotestanti, mtu mrefu mwenye masikio mekundu. Alianza kumweleza. Donat akauliza. Mwalimu akajibu. Donat akapinga. Wachezaji wakakaa chini, wakalala, wakaamka, na wale wawili bado wanabishana kuhusu magunia ya mchanga yaliyokuwa vituo na yule mkimbiaji anayetakiwa kuvizunguka vyote vinne kabla mpira haujamfikia. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba, mwalimu alivua kofia yake akamvika Donat kichwani. Akasema tangu leo wewe ndiye mwamuzi, maana hapa hakuna mwingine atakayenisumbua hivi.

Virginie alikasirika kuliko alivyokasirikia bukari. "Weye mukatoliki muzima, unaenda kuhukumu muchezo ya Baprotestanti?"

"Mupira hawaibatize," Donat akamjibu.

Hapo mtaani, katika komini ya Kenya, kata ya mji wetu na si ile nchi, hasira za Donat zilijulikana kama kengele ya kanisa. Alikuwa Mtabwa wa upande wa ziwa, aliyeletwa utotoni na baba yake mpaka machimbo ya Kambove, na baba alipofariki akashuka Elisabethville, ambayo sisi tuliiita Lubumbashi hata kabla serikali haijaiita hivyo. Akapata kazi reli. Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta mkono wa chuma ili treni ishike njia yake na si nyingine, na kufukuza kila kilichosimama relini bila shughuli: mbuzi, wauza karanga, wapenzi, hata mkubwa mmoja aliyeegesha baiskeli yake pale kwa dakika moja tu. Watu walimwambia hasira ni hasara. Alijibu kwamba hasara kubwa ni treni kumpanda mtu.

Ndiyo maana kati ya sheria zote za mchezo ule aliipenda moja, na aliipenda kupita kiasi. Mkimbiaji ana njia yake. Mlinzi asiye na mpira mkononi, wala hauokoti, wala haudaki, hana ruhusa ya kusimama kwenye njia hiyo. Mwenye mpira azibe. Asiye nao apishe. Mlinzi akimziba mkimbiaji ambaye mpira bado uko mbali naye, mwamuzi hasimamishi mchezo. Anamnyooshea mkono mkosaji, anapaza sauti, kisha anaacha watu wakimbie, watupe, waanguke, mpaka kila kitu kitulie. Hapo ndipo anapotoa hukumu: mkimbiaji apewe kituo ambacho angekifikia kama asingezuiwa. Mwalimu alikuwa na neno la kigeni la kupazia sauti. Donat alilikataa. Yeye alipaza neno moja tu, "Njia!", na sauti yake ilifika sokoni.

Kuacha mchezo uendelee huku umeshaona dhambi, hilo ndilo lilimtesa. Alisimama mkono umenyooka, mishipa ya shingo imemtoka, akisubiri. Vijana walikuja kumtazama yeye zaidi ya mpira.

Sasa sikiliza jinsi sheria hiyo ilivyopata ufa.

Palikuwa na vijana wawili waliokulia avenyu moja na Donat. Wa kwanza ni Antoine, mwana wa Mama Ngalula, mjane kutoka mkoa wa Kasai aliyeshiriki bomba moja la maji na Virginie. Donat ndiye aliyemshika Antoine kisimani siku ya ubatizo, na Antoine hakumwita jina lingine ila Parrain, baba wa ubatizo. Alikuwa karani katika duka la vitambaa, miguu mirefu, na akishaondoka kituo cha kwanza ulikuwa unaona vumbi tu. Wa pili ni Chomba, Mlamba wa kabila la wenyeji wa hapa, fundi wa baiskeli, kifua kipana, mlinzi wa kituo cha tatu. Na hawa wawili walikuwa watani.

Utani huo haukutoka kijijini. Ulizaliwa hapa hapa, makambini, pale mfanyakazi alipofia mbali na ukoo wake na wakazikana watu wa makabila yaliyokutana jana. Mtani ndiye aliyechimba kaburi. Mtani ndiye aliyelala chini mbele ya jeneza, akaziba njia, akamtukana marehemu: unakwenda wapi, mlafi wewe, hujanipa changu! Wafiwa wanacheka na machozi yao, wanampa kitu kidogo, tumbako au kitambaa, ndipo anainuka na maiti anapita. Na mtani akishaweka mkono juu ya kitu chako, mwingine hana ruhusa kukigusa mpaka yeye atosheke. Kule Kambove, Donat mwenyewe aliwaona watani wamelala mbele ya jeneza la baba yake, akacheka, akiwa mtoto na kamasi mpaka kidevuni.

Basi siku moja, katika miaka mizuri, Antoine alikuja mbio kuelekea kituo cha tatu, na Chomba, bila mpira, akajilaza chali kwenye njia, mikono ubavuni kama ubao, akapiga kelele: "Mukasai! Haupite! Unilipe kwanza!" Kisha akacheka. Chomba alikuwa na kicheko cha kukoroma, kinachoanzia puani kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Antoine akamtupia kofia yake, akamruka, akaendelea.

Donat akanyoosha mkono. "Njia!"

Wazee waliokaa pembeni wakamzomea. Mtani hahukumiwi! Virginie alimwambia hivyo hivyo jikoni jioni ile. Donat alibishana mpaka akapungukiwa na maneno, kwa maana alikumbuka jeneza la Kambove. Jumapili iliyofuata alitangaza, kwa uchungu, kama mtu anayeuza mbuzi wake kwa bei mbaya, kwamba kizuizi cha mtani kwa mtani hakina adhabu, ila kwa sharti moja. Lazima pawe na kicheko. "Pasipo kicheko," akasema, "haina utani, ni ujeuri." Mwalimu wa Kimarekani alikuna masikio yake mekundu akasema kwao hakuna sheria kama hiyo. Donat akamwambia kwao basi wanazikana vibaya.

Mwalimu aliondoka katikati ya mwaka wa 1960, wazungu walipokimbia na masanduku yao. Aliacha fimbo, glavu, na mpira mmoja ulioshonwa tena na tena. Siku chache baadaye Katanga ikatangazwa nchi peke yake, na bendera mpya ikapandishwa.

Nisikufiche, hapa mimi mwenyewe nakasirika. Wakubwa waligawana shaba na vyeo, na sisi wakatuachia kugawana majirani. Ghafla ikawa kuna mwenye nchi na mgeni. Mtu aliyezaliwa hospitali ya hapa, akabatizwa kanisa la hapa, baba yake amezikwa makaburi ya hapa, aliambiwa arudi kwao. Kwao wapi? Antoine hakuwahi kuiona Kasai hata kwenye picha. Mwaka wa 1961 ulipofika kiangazi, mwenye duka la vitambaa alimwambia asije tena, na watu walioteka maji pamoja na Mama Ngalula kwa miaka walianza kusubiri aondoke bombani kwanza.

Donat aligombana na kila mtu. Aligombana bombani, aligombana kazini, aligombana na katekista. Akasema: mtaani siwezi kitu, lakini uwanjani kuna mwamuzi, na mwamuzi ni mimi. Pale, Antoine atakimbia. Hilo ndilo alilolishika. Aliamini kwamba kijana yule akiendelea kukimbia kila Jumapili mbele ya macho ya watu wote, watu watakumbuka ni mtoto wa nani na wa wapi, na hatafukuzwa.

Jumapili moja ya Agosti, vumbi jekundu limepanda mpaka kwenye kope, Kenya walicheza na komini Albert. Chomba alikuwa amehamia Albert, na amehamia kwingine pia: alikuja na vijana wa chama cha hao wenye bendera mpya, wenye minyororo ya baiskeli kiunoni, waliosimama nyuma ya kituo cha tatu bila kuketi. Mchezo ulikuwa sare, na ulikuwa unaisha. Mpigaji wa Kenya aliupeleka mpira mbali, kule kwenye vichuguu. Antoine akaondoka kituo cha kwanza. Akapita cha pili. Akaja cha tatu, akakikanyaga, akageuka kwenda cha mwisho, na njia ilikuwa nyeupe.

Chomba akaingia. Hakulala chini. Alisimama, akampiga Antoine kiwiko cha kifua, na Antoine akaanguka kifudifudi. Nyuma ya kituo cha tatu vijana wa minyororo walishangilia. Donat alikuwa anamtazama Chomba usoni, akitafuta kile kicheko cha pampu, hata kidogo, hata pembeni ya mdomo. Hakikuwepo.

"Njia!"

Mkono ukanyooka, ukabaki hewani. Antoine akainuka, akakimbia akichechemea, mpira ukamtangulia, mlinzi wa kituo cha mwisho akamgusa nao, na mkimbiaji akiguswa na mpira ametolewa. Amekufa! walipiga kelele watu wa Albert, na wakaanza kurukaruka. Donat hakusogea. Alisubiri mpaka mpira ulipotulia mkononi mwa mtu na miguu yote ikasimama. Kisha akatembea polepole hadi kituo cha mwisho, akasema: "Alizuiwa. Bila kuzuiwa angefika. Nampa kituo. Bao la Kenya."

Chomba alimfuata akiwa amekunja uso. "Papa Donat, huyu iko mutani wangu! Tunafanyaka hivi toka zamani, na weye mwenyewe ulisema haina kosa!"

"Kicheko yako iko wapi?"

"Kicheko gani?"

"Minakuangalia hapa, kwa uso. Haukucheka. Mutani anacheka, Chomba. Weye ulipiga muntu."

Mmoja wa wenye minyororo akaingia kati. "Unamupa bao juu iko mutoto yako ya batizo. Mwenye nguvu mpishe, muzee. Inchi iko na benyewe."

Mwenye nguvu mpishe! Methali nzuri, lakini umeona jinsi mtu mwovu anavyoivaa? Wazee waliitunga kumwonya mnyonge asijiumize, na huyu aliigeuza amri. Damu ilimchemka Donat mpaka masikioni. "Weye uko na mpira?" akamwuliza. "Onyesha mpira. Hauna? Basi toka njiani!"

Antoine alimshika mkono. "Parrain, waachie. Ni muchezo tu."

"Nyamaza!" Donat alimgeukia yeye naye. "Ukisema ni muchezo tu, kesho watasema ni nyumba tu. Bao ni bao."

Hukumu ilibaki. Wachezaji wa Kenya hawakushangilia, waliangalia chini. Na wale vijana wa chama hawakumpiga mtu siku ile. Walichukua fimbo za mchezo, zote, wakaziweka mabegani, wakaondoka nazo wakiimba, na Chomba akiwa nyuma yao. Donat aliwafuata mpaka kona akidai fimbo za watu, akapigwa kumbo, akakaa chini kwenye vumbi na kofia yake ya uamuzi kichwani. Hapo ndipo besiboli ilipoishia Kenya.

Wiki hazikupita nyingi. Mawe yalianza kutua juu ya bati la Mama Ngalula, mchana kweupe, na aliyeyarusha hakujificha. Familia za Kasai zilianza kubeba godoro na sufuria kuelekea walikopiga kambi askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, kwenye uwanda mtupu, wakijenga vibanda vya magunia na majani. Mama Ngalula alikuwa mgumu kuondoka. Mwishowe akasema mbele ya Virginie: "Maji yamezidi unga, mama." Akafunga mlango wake kwa ufunguo, kama mtu anayekwenda misa.

Donat alijitolea kusukuma mkokoteni pamoja na Antoine. Virginie alimsihi asivae ile kofia ya mwamuzi, inajulikana. Aliivaa. Njia nzima alinung'unika, akiwatukana mawaziri, akimtukana mwenye duka la vitambaa, akiwatukana majirani waliokuwa wanachungulia pazia, na akimtukana Antoine kwa kusukuma upande mmoja zaidi ya mwingine. Mama Ngalula alitembea mbele, mkoba kifuani, hakuangalia nyuma.

Penye njia panda walikuta kizuizi cha pipa na gogo. Vijana walikuwa wengi, na mikononi mwa wanne wao Donat aliziona fimbo zake, za mchezo, zimepigiliwa misumari. Alizitambua moja moja. Damu kwenye mojawapo ilikuwa imekauka, nyeusi. Antoine aliachia mkokoteni. "Parrain," alisema kwa sauti ndogo, "wataniua hapa." Ilikuwa kweli.

Chomba alitoka katikati yao, na fimbo begani. Akautazama mkokoteni. Akamtazama Antoine. Kisha akatupa fimbo chini, akajilaza chali barabarani mbele ya gurudumu, mikono ubavuni.

"Huyu haguswe!" akapiga kelele, akiwa amelalia mgongo. "Huyu maiti iko yangu, mi mutani wake! Mukasai mulafi, unaenda wapi? Haupite! Unilipe kwanza!"

Wenzake wakatazamana. Aliyekuwa mbele aliishusha fimbo yake kidogo.

Donat alikuwa ameshajaza kifua. Mkono ulikuwa umeanza kupanda, na neno lake lilikuwa limefika kwenye meno. Huyu mshenzi, baada ya kiwiko kile, baada ya fimbo zile, analala tena njiani bila mpira? Asingekubali. Angelisema hata kama lingekuwa neno lake la mwisho duniani. Na hapo akasikia pampu iliyotoboka. Chomba alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha zamani, kutoka puani, ila macho yake yalikuwa yanamtazama Donat, peke yake, na yalikuwa yanamwomba.

Sharti ni moja, na ni Donat aliyeliweka. Lazima pawe na kicheko. Mtani akicheka peke yake, wafiwa wakanuna, basi hakuna utani, na vijana wale wataliona hilo upesi kuliko yeye.

Donat Kapya akacheka. Sijui kama umewahi kumwona mtu akicheka na meno yamesagana. Kilimtoka kama kikohozi, kibaya, kikimpasua koo. Akampiga Antoine kisogoni: "Cheka, mupumbavu weye! Mutani wako anakudai!" Antoine akacheka. Mama Ngalula aligeuka, na yeye, mwanamke aliyezika mume na watani wamelala mbele ya jeneza, alielewa mara moja. Akapiga vigelegele vya msiba, akacheka kwa sauti ya juu na machozi yakimtiririka. Kijana mmoja mwenye mnyororo akaanza kucheka bila kujua sababu. Kisha mwingine.

"Malipo!" Chomba akadai.

Donat akavua kofia, akaitupa kifuani mwa Chomba. Chomba akaivaa pale pale chini, ikamfunika macho, akainuka, akalisukuma gogo kwa mguu wake. "Nimelipwa! Maiti ipite! Nani ataigusa kisha mi nimelipwa?" Hakuna aliyeigusa. Mkokoteni ukapita kati ya fimbo zile, karibu kiasi kwamba msumari mmoja ulikwaruza godoro.

Walipofika mbali kidogo, kicheko kilimkauka Donat mdomoni, na hasira ikarudi yote, na nyingine juu yake. Amelazimishwa kucheka. Yeye, amecheka mbele ya fimbo zake mwenyewe zenye misumari na damu ya mtu asiyemjua, amewachekea kama wenzake. Alisimama. Akageuka kule kwenye pipa na gogo, kichwa wazi juani, akanyoosha mkono. Hakupaza sauti. Aliunyoosha tu, wote, mpaka kwenye kidole, kama uwanjani kabla ya hukumu.

Kisha akaanza kusukuma kwa mkono mmoja, huku ule mwingine ukiwa umeelekea nyuma. Mkokoteni ulikwenda mrama. Watu waliowapita na mizigo yao walimtazama kama kichaa.

"Parrain," Antoine akasema, "shusha mukono. Watakuona."

"Muchezo imeisha?"

Antoine alitazama mbele, kwenye moshi wa vibanda vya magunia, na mama yake aliyekuwa bado ameshika ufunguo wa nyumba. "Bado," akasema.

"Basi sukuma."